Neno moja la Kimombo lilivyomponza baba

Na MWANDISHI WETU

ILIKUWA Ijumaa jioni, mwaka wa 2003, katika ploti moja ya mabati mtaani Kawangware, Nairobi. Baba aliingia nyumbani akiwa angali amevaa sare yake ya ubawabu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa bahasha mfukoni na kunikabidhi.

"Mwalimu, hebu nisomee hii," akasema.

Alizoea kuniita mwalimu tangu nilipoanza kuongoza darasa letu katika somo la Kiingereza. Wakati huo nilikuwa darasa la saba, na shuleni nilisifika kwa maneno mazito. Nilijua "flabbergasted", nilijua "pandemonium", nilijua "magnanimous". Insha zangu zote zilianza alfajiri na mapema ndege wakiimba, na zilimalizika kwa mito ya machozi, kama tulivyofunzwa. Kwa hivyo niliifungua barua ile kwa madaha, nikaisoma kwa sauti ya juu ili hata majirani wa upande wa pili wa mabati wasikie.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kuanzia mwisho wa mwezi, nafasi ya baba ingekuwa "redundant". Neno hilo sikuwa nimewahi kuliona. Lakini nilijua "abundant", yaani tele, na maneno hayo mawili yalifanana kama kulwa na doto. Baba alikuwa akinitazama. Mama, aliyekuwa akikanda unga wa mandazi ya kuuza asubuhi, naye alisita. Je, mwalimu mzima angekiri kwamba hajui?

"Baba, wanasema kazi yako itakuwa tele," nikajibu. "Nafikiri mtaongezewa zamu."

Usiku huo tulikula nyama, nusu kilo nzima, ingawa haikuwa sikukuu.

Sehemu ya pili ya barua nilikuwa nimeiruka. Ilikuwa na maneno ambayo hayakuwa na mapambo yoyote: "failing which" na "deemed". Ilimtaka kila mfanyakazi ajaze fomu iliyoambatanishwa, aonyeshe idadi ya miaka aliyohudumu na kuirudisha katika muda wa siku saba. La sivyo, ingehesabiwa kwamba amekubali hesabu ya kampuni. Fomu hiyo niliitia ndani ya daftari langu la hesabu, maana upande wake wa nyuma ulikuwa mweupe, na karatasi zilikuwa adimu nyumbani kwetu.

Siku ya kumi, baba aliipeleka barua kwa mzee mmoja wa ploti yetu, karani mstaafu, ili amsaidie kuandika jibu la shukrani. Mzee yule aliisoma, akavua miwani, akauliza: "Nani alikusomea barua hii?"

Baba alinitupia jicho mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Nilijisomea mwenyewe," akajibu.

Kampuni ile ilimlipa kwa miaka sita. Alikuwa ameifanyia kazi kwa miaka kumi na mmoja.

Maneno ya kupamba na maneno ya riziki

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu wazazi wengi wa Kibera na Kawangware huuliza wafanye nini ili watoto wao wapanue msamiati wa Kiingereza. Swali hilo ni zuri. Lakini kabla ya kulijibu, yafaa tuulizane: msamiati upi?

Katika enzi ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kutoka 1985 hadi 2023, insha ya Kiingereza ilikuwa na alama 40, na kila mwanafunzi aliamini kwamba maneno mazito humlainisha msahihishaji. Tuliyakariri kama wimbo. KCPE imekwisha, mtaala wa CBC umeingia, na tangu 2023 watoto wanasoma Gredi ya Saba katika sekondari msingi. Hata hivyo, mazoea yana taabu. Daftari la "maneno mazito" lingali ndani ya mikoba mingi.

Hakuna ubaya wowote mtoto akijua kwamba "flabbergasted" ni kupigwa na butwaa. Ubaya ni akijua hilo pekee. Bahasha inayopenyezwa chini ya mlango wa nyumba ya Gatwekera au Gatina haiji na neno hilo. Inakuja na "arrears", yaani malimbikizo ya kodi ambayo hujalipa. Inakuja na "forfeit", yaani kupoteza haki au pesa zako kwa sababu hukutimiza sharti fulani. Fomu ya mkopo ina "guarantor", mdhamini, ambaye ndiye atakayelipa mwenye deni akitoroka; ni wangapi wametia sahihi hapo wakidhani wanashuhudia tu? Hospitalini kuna "waiver", msamaha wa gharama, ambao hutaupata usipojua kuuomba. Kuna "consent", idhini, inayotiwa sahihi kabla ya upasuaji. Benki ina "beneficiary", yaani mtu atakayefaidi, na "next of kin", jamaa wa karibu, na watu hao wawili si lazima wawe mmoja.

Na kuna maneno pacha ambayo huwatatiza hata waliohitimu. "Eminent" ni mtu mashuhuri. "Imminent" ni jambo ambalo li karibu kutukia. Mnamo Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera na kubomoa nyumba na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Mtu anayesoma ilani ya ubomoaji na kuona kwamba ni "imminent" hana muda wa kukisia kama alivyokisia mwandishi wa makala haya.

Lugha ya nyumbani, lugha ya ofisini

Si ajabu kwamba watu wetu hutatizika. Chukua mtoto wa Kibera. Nyumbani huenda akazungumza Dholuo, Kiluhya, Kikamba au Kinubi, lugha ya wale askari wa zamani wa mkoloni ambao waliupa mtaa huo jina lake. Katika Kinubi, neno lililozaa "Kibera" maana yake ni msitu. Akitoka nje anazungumza Kiswahili na Sheng. Akifika darasani anakutana na Kiingereza.

Kiingereza kilipewa kiti hicho zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha jijini Nairobi mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964, mara baada ya uhuru, iliunga mkono Kiingereza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilitaka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa eneo lao. Katiba ya 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba na fomu ya benki, aghalabu vyote vingali kwa Kimombo.

Wapo pia waliokichukia Kiingereza kwa sababu ya fimbo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi wanafunzi wa enzi zake walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni kwa kuzungumza Gĩkũyũ shuleni. Wengi waliosoma miaka mingi baadaye wanakikumbuka kibao hicho. Mtoto aliyefunzwa lugha kwa kuaibishwa hujifunza kwanza kuficha kile asichokijua. Mimi sikuvishwa kibao jioni ile, lakini nilificha.

Kwa nini maneno haya ni magumu?

Kiingereza kina tabaka mbili, kama chapati ya maji iliyopakwa siagi. Tabaka la chini ni la maneno ya nyumbani: "house", "water", "child", "eat", "night". Maneno hayo ni ya Waingereza wenyewe tangu kale, ni mafupi na hujifunzwa upesi.

Tabaka la juu liliingia kwa mabavu. Mwaka wa 1066, Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza na kuitawala. Kwa muda mrefu wakuu wa nchi walizungumza Kifaransa, huku wanazuoni wakiandika Kilatini. Ndiyo maana maneno ya mahakama, kodi na madeni ni ya kigeni hata kwa Mwingereza: "judge", "court", "rent", "tenant", "lease", "debt", "mortgage". Yalikuwa maneno ya mwenye nyumba, hayakuwa ya mpangaji. Hadi leo Mwingereza wa kawaida hukuna kichwa akipokea barua ya wakili. Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, usijidharau.

Sisi Waswahili tunaielewa hali hii kuliko tunavyodhani. Kiswahili nacho kina maneno ya Kibantu, na juu yake yamekaa ya Kiarabu: mahakama, kadhi, hukumu, riba, dhamana. Mtu anayejua kwamba lugha hukopa haogopi neno refu.

Tena tunazo silaha ambazo hatuzitumii. Mtoto anayejua "soma" hahitaji kufundishwa upya "msomaji", "masomo", "somesha" na "someka". Anaona mzizi, anaona viambishi, anaunganisha. Maneno mazito ya Kiingereza pia yana mizizi, tofauti ni kwamba imetoka Kilatini na Kigiriki.

Tutazame mifano michache. Mzizi "port" una maana ya kubeba. Hivyo "import" ni kubeba kuingiza, "export" ni kubeba kutoa, "deport" ni kumtoa mtu nchini, na "portable" ni kitu kinachobebeka. Mzizi "script" ni wa kuandika: "prescription" ni maandishi ya daktari ya dawa, na "manuscript" ni mswada ulioandikwa kwa mkono. Kiambishi "bene" ni cha wema, ndipo tukapata "benefit" na yule "beneficiary" wa benki. Kiambishi "mal" ni cha ubaya: "malnutrition" ni utapiamlo, "malpractice" ni kazi mbovu ya kitaaluma. Hata "malaria" imo humo. Ni neno la Kiitaliano lenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa watu wa kale walidhani ugonjwa huo huletwa na hewa ya mabwawa, wala hawakumshuku mbu.

Ukimfundisha mtoto mizizi kumi, umempa funguo za mamia ya maneno.

Ndugu wawili wa wimbi moja

Hapa sina budi kurejelea aibu yangu. Miaka mingi baadaye, nikiwa katika chuo cha uanahabari, nilifungua kamusi kubwa ya asili za maneno na kutafuta "redundant". Nilishangaa. "Redundant" na "abundant" kweli ni ndugu. Yote mawili yametoka kwa neno la Kilatini "unda", lenye maana ya wimbi. "Abundant" ni kitu kilichofurika kwa wingi mpaka watu wakafurahia. "Redundant" ni kilichofurika kupita kiasi mpaka hakihitajiki tena, kama maji yanayomwagika nje ya debe lililojaa.

Kumbe nilikuwa nimeona ukoo wa neno vizuri, ila sikuijua tabia yake. Hii ndiyo hatari ya mizizi. Itakufikisha mlangoni, lakini asiyebisha hodi hajui aliyemo ndani. Baada ya kukisia kwa mzizi, ni lazima kusoma sentensi nzima, kisha kuthibitisha katika kamusi. Laiti ningesoma sentensi iliyofuata, ningegundua kwamba mtu anayeongezewa kazi hawezi kuulizwa miaka aliyohudumu ili ahesabiwe malipo ya mwisho.

Kamusi gani?

Katika pesa chache alizopewa, baba alinunua kitu kimoja ambacho mama alikilalamikia kwa wiki nzima. Ilikuwa kamusi ya mitumba, iliyotandazwa chini pamoja na nyingine kando ya barabara katikati ya jiji, katika yale maduka ya vitabu ambayo wakazi wa Nairobi huyaita "Inama Bookshop" kwa kuwa ni sharti uiname kuchagua. Haikuwa na jalada. Ilianzia kwenye neno "about".

Baba hakujua kwamba alikuwa amechagua vyema. Ilikuwa kamusi ya wanafunzi wa lugha, ile iliyoasisiwa na A. S. Hornby, mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifundisha nchini Japani. Yeye na wenzake waliona kwamba kamusi za kawaida ziliandikwa kwa ajili ya Waingereza, nazo hazikumsaidia Mjapani anayetaka kujua neno linatumikaje katika sentensi. Kamusi yao ilichapishwa Japani mwaka wa 1942, na Oxford ikaitoa tena mwaka wa 1948. Mwaka wa 1978 Longman nao walitoa yao, ambayo inaeleza kila neno kwa kutumia takriban maneno 2,000 tu ya kawaida.

Kwa hivyo, mzazi anayenunua kamusi asikimbilie ile ndogo ya mfukoni kwa sababu ni rahisi. Nyingi za aina hiyo hufafanua neno gumu kwa neno jingine gumu, na mtoto hubaki akizunguka kama ng'ombe wa kinu. Tafuta kamusi ya wanafunzi, yenye mifano ya sentensi. Mwenye simu anaweza kupata kamusi za namna hiyo bila malipo kwenye intaneti. Asiye na simu wala pesa ajaribu maktaba ya umma, na Kibera ipo moja. Weka kando yake kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kwa kuwa maana humkaa mtu kichwani vizuri zaidi inapofika kwa lugha anayoiota.

Ni maneno mangapi yanatosha?

Mtu akiona kamusi yenye kurasa elfu moja na ushei, hukata tamaa. Lakini wataalamu wametupunguzia mzigo. Mwaka wa 1953 Michael West alichapisha orodha ya koo zipatazo 2,000 za maneno ya kawaida; ukoo ni neno pamoja na watoto wake, kama "soma" na "msomaji". Koo hizo pekee hujaza takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza. Mwaka wa 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo huchukua karibu asilimia 10 ya vitabu vya chuoni. Naye Paul Nation, pia wa New Zealand, alikadiria mwaka wa 2006 kwamba msomaji anahitaji koo 8,000 hadi 9,000 ili asome riwaya au gazeti bila kusaidiwa.

Piga hesabu. Mtoto wa sekondari msingi anayejifunza maneno matano kila siku ya shule, kwa majuma 36, atakuwa na maneno 900 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Mradi asiyasahau.

Na kusahau ndiko kunakoponza wengi. Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka wa 1885 akatangaza alichokiona: baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimetoweka. Lakini kila alipokirudia, kilidumu zaidi. Ndiyo kusema kwamba kukesha na koroboi usiku mmoja ukikariri maneno hamsini ni kupoteza mafuta ya taa. Afadhali matano leo, uyarudie kesho, keshokutwa, wiki ijayo na mwezi ujao.

Sebastian Leitner alieleza mbinu rahisi katika kitabu chake cha 1972, na inafaa hata katika chumba kimoja cha mabati. Chukua kalenda ya mwaka jana, uikate vipande vidogo. Upande mmoja andika neno, upande wa pili maana na sentensi. Tafuta boksi la viatu, uligawe vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha maneno mapya, nacho husomwa kila siku. Mtoto akilijua neno, linahamia chumba cha pili, kinachosomwa mara mbili kwa wiki. Akilijua tena, linaingia cha tatu, kinachosomwa mara moja kila wiki mbili. Akilikosa popote, linarudi chumba cha kwanza kuanza upya. Watoto hupenda sana kuona maneno yakipandishwa daraja na mengine yakirudia darasa.

Nyumbani kwetu hatukuwa na boksi. Tulikuwa na baba. Kila jioni, kabla hajaenda kutafuta vibarua vya ulinzi kwenye maboma ya Lavington, ng'ambo tu ya Kawangware, aliniuliza maswali mawili.

"Mwalimu, leo umepata neno gani?"

Nikimtajia, aliongeza: "Na utalikuta wapi?"

Neno nisilojua litakutwa wapi halikuhesabiwa. Basi nikaanza kuyawinda maneno huko yanakoishi: kwenye risiti za stima, mabango ya matatu za namba 46, karatasi za dawa, ilani za chifu, magazeti ya kufungia nyama. Sikupoteza "magnanimous", lakini nilimtafutia majirani.

Sheria iko upande wako

Kuna jambo ambalo laiti baba angelijua. Lakini hata sheria yenyewe imebadilika tangu wakati huo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe. Na ikiwa mfanyakazi hajui kusoma, au haielewi lugha iliyotumiwa katika mkataba, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha kwamba ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Mwajiri anayefanya hivyo hamtendei mtu hisani.

Sheria hiyo hiyo inalieleza lile neno lililotuponza. Mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena sharti apewe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, afisa wa leba naye ajulishwe, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliohudumu. Kwa mtu wa miaka kumi na mmoja, hizo ni siku 165. Kwa miaka sita ni 90. Tofauti ni siku 75 za mshahara, ambazo kwa familia ya Kawangware ni karo, kodi na unga.

Katiba nayo inasema kwamba anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya mahakama apewe mkalimani bila kulipa. Kwa hivyo usione haya kusema, "Sijaelewa, nieleze kwa Kiswahili." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutia sahihi bila kuuliza ndiko ujinga.

Hata wao hutukopa

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kukopa daima. Neno "safari" limekuwa ndani ya Kiingereza tangu karne ya 19. Mwaka wa 2022 kamusi kuu ya Oxford iliongeza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, mengine yakiwa Kiswahili kitupu, kama vile "sambaza" na "kitu kidogo". Naam, mwanafunzi wa London anayetaka kujua maana ya "kitu kidogo" sasa anafungua kamusi. Na wewe unafahamu maana hiyo bila kufunzwa na mtu.

Kwa mzazi na mwanafunzi

Mzazi, usimcheke mtoto anapokosea neno, wala usimgeuze mkalimani wa nyumba bila kumpa ruhusa ya kusema hajui. Watoto wengi wa mitaa yetu ndio husoma barua za wazazi wao. Ni mzigo mzito kwa mabega madogo. Mwambie mapema: "Ukikwama, niambie umekwama, tutatafuta pamoja."

Nawe mwanafunzi, mwaka huu chagua maneno yako kwa akili. Kwa kila neno moja la kupamba insha, jifunze moja la karatasi zinazoingia nyumbani kwenu. Muulize mama fomu aliyojaza hospitalini ilisema nini. Usipojua neno, litamke hivyo hivyo: "Hili silijui."

Baba sasa ni mzee, alisharudi mashambani. Mwezi uliopita alipokea barua kutoka kwa chama chake cha akiba, akampa kijana wa jirani aipige picha na kunitumia kwa simu. Kisha akapiga.

"Mwalimu, hebu nisomee hiyo."

Niliisoma yote kimya. Mlikuwa na neno moja ambalo nina hakika nalijua. Hata hivyo, niliinuka nikaenda kwenye rafu ya vitabu.

"Ngoja kidogo, baba. Naangalia kwanza."

"Angalia tu," akasema. "Sina haraka."